Kitambi Hakibishi Hodi

Mjukuu wangu, nimeiona picha yako ya harusi ya binamu yako. Suti imekukaa, viatu vinang'aa, ila kifungo cha koti kimegoma kufika kwenye tundu lake. Chini ya picha watu wamekumwagia sifa. "Bosi umenawiri." "Pesa inaonekana." "Shemeji anakulisha, si mchezo." Nimezisoma zote kwa miwani yangu, moja baada ya nyingine. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza mara ya mwisho ulipima presha lini.

Hapo ndipo hofu yangu inapoanzia. Malaria huja na homa, jino huja na maumivu, na mtu hukimbia hospitali hata usiku. Unene huja na pongezi. Kila kilo inayoongezeka inapigiwa makofi, mpaka siku unapolazwa, na wale wale waliopiga makofi wanakuja kukutazama wodini na boksi la juisi ya sukari mkononi.

Nisikilize, mwanangu. Wahenga walisema yao, na mimi nasema langu: kitambi hakibishi hodi. Hakuna asubuhi utakayoamka ukakikuta kimeingia jana. Kinaingia na kijiko cha tatu cha sukari kwenye chai, na chapati ya pili uliyoila kwa sababu ya kwanza ilikuwa nyembamba, na bodaboda uliyopanda kutoka kituoni hadi nyumbani wakati paa la nyumba unaliona. Wewe unasogeza mkanda tundu moja mbele, basi, maisha yanaendelea.

Usiudhike, nakuomba. Sikuandikii nikucheke. Mtu mnene si mvivu wala mlafi kwa sababu tu ni mnene. Wapo waliozaliwa kwenye koo za watu wanene, wapo wanaonenepeshwa na dawa wanazotumia, wapo ambao hela yao inatosha sembe na mafuta tu, ikifika kwenye samaki na matunda imekwisha. Anayemwita mwenzake "bonge" barabarani hajampunguzia hata gramu moja; amempa sababu ya kujifungia ndani. Nakuandikia kwa sababu nakupenda, na kwa sababu njia hii nimeiona inakoishia.

Kwanza ujue tulikotoka, maana sifa hizi hazikuanza jana. Baada ya vita vya Kagera, kuanzia mwaka 1979 na miaka iliyofuata, sukari ilikuwa ya foleni. Sabuni foleni, unga foleni, na unga wenyewe ulikuwa wa mahindi ya njano tuliyoyabatiza jina la Yanga. Mtu mwenye kitambi miaka ile hukuhitaji kumuuliza anafanya kazi gani: ama ana duka, ama ana shemeji kwenye duka la ushirika. Wembamba ulikuwa wetu sote.

Kisha ukaja ule ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na ng'ambo ya pili, Uganda, wakauita ugonjwa wa kukonda. Dawa hakuna. Tuliwaona vijana wazima wakiisha mifupa ikahesabika, tukawazika. Tangu hapo kukonda kukawa kesi. Mtu akipungua kwa malaria ya wiki moja, mtaa mzima unanong'ona. Akitoka hospitali amejaa mashavu, kina mama wanapiga vigelegele.

Ndiyo maana shangazi zako wakikuona umefura wanamshukuru Mungu. Hawana nia mbaya. Kwao mwili ulikuwa cheti. Na kwa mtoto wa kike mambo ni mazito zaidi: akiolewa akabaki mwembamba, wakwe wanatazamana, "Hivi mwanetu anakula kweli huko?" Akinenepa, mume anasifiwa kuwa anajua kutunza. Akijifungua, siku arobaini ni supu, uji, mtori na maziwa, na ole wake akibakiza. Ikipita mimba ya tatu, zile siku arobaini zote bado ziko kiunoni.

Mambo yamebadilika, mjukuu wangu, na sifa imebaki ile ile. Njaa ya foleni imeondoka, woga wake haujaondoka. Hapa Tanzania, utafiti wa taifa wa mwaka 2015/16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliopitiliza, na mjini wakiwa wengi sana kuliko kijijini. Majirani zetu Kenya walikuwa 25 katika 100 mwaka 2008/09. Ilipofika 2014 wakawa 33. Na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2022 mtu 1 katika kila 8 duniani alikuwa na unene uliopitiliza. Huo tena si ugonjwa wa Wazungu, wala wa matajiri. Wapo mama ntilie wanaougua presha kwa unene huku bado wanadaiwa kodi ya chumba.

Sasa wewe uko wapi? Usikiulize kioo. Kioo hubembeleza, suruali haisemi uongo.

Dada yako muuguzi alinionyesha hesabu yake, nami nakupa. Chukua urefu wako kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kilo zako kwa jibu hilo. Wewe una urefu wa mita 1.70, ukizidisha kwa 1.70 unapata 2.89. Ukiwa na kilo 72 jibu ni karibu 25, na hapo ndipo mpaka ulipo. Chini yake hadi 18.5 uko salama, kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene uliopitiliza. Kwa urefu wako, 30 ni kama kilo 87. Picha ile ya harusi mimi naikadiria 90 na ushee. Nitafurahi ukinikosoa.

Hesabu hiyo ina upungufu wake: mbeba magunia wa bandarini ana kilo nyingi za misuli, nayo haitofautishi. Kwa hiyo kuna kipimo kingine, hiki cha bure. Chukua uzi, upime kutoka kisiginoni hadi utosini, ukate. Ukunje katikati. Uzungushe tumboni, usawa wa kitovu, bila kuvuta pumzi ndani, najua utavuta. Ncha zisipokutana, tumbo limezidi nusu ya urefu wako, na mafuta ya tumboni ndiyo mabaya kuliko ya mapajani, maana ya tumboni yanakaa ndani, yamelizunguka ini na utumbo, na yanaivuruga kazi ya insulini. Insulini ikivurugwa, sukari inabaki kwenye damu.

Utaniuliza, mbona kuongezeka ni rahisi na kupungua ni kazi? Swali zuri. Mwili wako ni kama bibi yako aliyepitia miaka ya foleni: hatupi kitu. Ukimpa ziada anaificha chini ya uvungu, na siku ukitaka kuitoa anakasirika, anakuambia njaa inakuja. Ndivyo ilivyo hasa. Mtu akipungua kilo, ubongo unapandisha njaa na mwili unaanza kubana matumizi, kana kwamba kuna ukame. Ndiyo maana wanaojinyima kwa wiki mbili ili wavae nguo ya harusi hurudi walikotoka, wengine na nyongeza. Si kwamba hawana msimamo. Wamempigia bibi kelele, naye amefunga mlango.

Basi usipigane na mwili kwa pupa. Uongoze polepole. Na afadhali usiongezeke kabisa kuliko kuongezeka ukaja kupungua. Hilo nakusihi, nitalirudia hadi ulichoke.

Ngoja nikueleze njia inakoishia, ingawa najua vijana hampendi kusikia.

Kuna jirani yangu hapa, jina lake silitaji. Hajafika hamsini. Alikuwa mtu wa supu ya asubuhi na chapati mbili, soda baridi mchana, nyama choma na bia jioni, gari hadi mlangoni. Presha alikuwa nayo miaka mingi, lakini haikumuuma, kwa hiyo dawa alikunywa akikumbuka. Siku moja akiwa anavaa shati mkono wa kulia ukakataa kuingia kwenye mkono wa shati. Akataka kumwita mkewe, mdomo ukapinda. Kiharusi.

Hakufa. Watu husema "alhamdulillahi, hakufa," na ni kweli. Lakini njoo uone asubuhi ya nyumba ile. Kumgeuza kitandani kunataka watu watatu, maana ni mtu wa kilo zaidi ya mia na nusu ya mwili haisaidii. Mkewe anashika mabega, mdogo wake anashika miguu, binti yake anavuta shuka kutoka chini. Huyo binti alikuwa chuo, amesimamisha masomo. Wakichelewa kumgeuza, mgongo unatoa vidonda. Mke naye sasa anaumwa kiuno. Gari liliuzwa mwaka ule ule. Wale wa "bosi umenawiri" sijawaona.

Ndiyo maana nasema: mwili unaukuza peke yako, lakini kuubeba ni kazi ya nyumba nzima. Ukilishika hili moja tu, barua yangu haikupotea.

Kisukari nacho. Watu wanakiita ugonjwa wa sukari kama kitu kitamu. Kinaua mishipa ya fahamu ya miguuni, mtu anakanyaga msumari hasikii. Hapa Dar es Salaam madaktari wameandika habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku, wakiwa wamelala kitandani mwao, na wasijue hadi asubuhi walipoona damu kwenye shuka. Soma tena mstari huo, mjukuu wangu. Panya anakula mguu wako nawe unaota ndoto. Kisha kidonda hakiponi, kinaoza, na daktari anakuja na karatasi ya kutia sahihi.

Figo zikichoka kwa sukari na presha, unaanza kusafishwa damu kwa mashine. Mara tatu kwa wiki, karibu saa nne kila mara, umeketi mkono umefungwa mirija. Haina likizo, haina sikukuu. Kazi gani itakuvumilia?

Mengine nayapitia haraka. Magoti: watafiti walipima wakaona kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti karibu kilo nne kwa kila hatua, kwa hiyo ukijua hivyo utaelewa kwa nini mama zetu wanashuka ngazi za daladala wakiguna. Usingizi: kukoroma kule mnakokucheka, mara nyingine koo limejifunga na pumzi imekatika, mtu anaamka na kichwa kizito na kusinzia kwenye usukani. Saratani ya mfuko wa uzazi, ya utumbo mpana, ya matiti kwa waliokoma hedhi, zote huwapata zaidi watu wanene. Mabinti huvurugikiwa hedhi, wakishika mimba presha na sukari hupanda. Na nyinyi wanaume, kwa kuwa mimi ni babu yako nina ruhusa ya kusema: kisukari hakiheshimu chumba cha kulala. Wengi wanaotafuta mizizi ya nguvu za kiume sokoni wangeanza kwa kupima sukari.

Sasa sahani. Hapa nitakaa kidogo.

Juzi nilikuwa kwenye banda la chipsi karibu na kituo, nikimsubiri mtu, nikamtazama kijana wa chipsi akifanya kazi yake. Fundi kweli kweli. Viazi vilikuwa vimeshakaangwa, vimelala kwenye kabati la kioo. Akamimina mafuta kwenye kikaango kidogo, akarudisha viazi humo, akapasua mayai mawili juu yake, akaona pembeni panakauka, akaongeza mafuta. Akageuza. Kachumbari pembeni vijiko viwili, na hiyo ndiyo mboga ya mlo mzima. Mteja akachukua na soda. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au sukari ina 4. Kile kikaango kilikuwa kimeshiba kabla mteja hajashiba. Kwa siku moja, sawa. Huyo kijana mteja alimwambia muuzaji, "Kama kawaida."

Hilo "kama kawaida" ndilo linaloniogopesha.

Na soda yenyewe. Chukua chupa tupu ya mililita 350, chukua kijiko cha chai na kopo la sukari, uanze kuhesabu. Vijiko vinafika karibu tisa. Nani kati yetu angekubali chai yenye vijiko tisa? Lakini ikiwa baridi na ina povu, mtu anaimaliza kwa mikupuo mitatu na kusema kiu imeisha. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku, ambazo ni vijiko kumi na viwili, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hapo. Juisi ya miwa na juisi ya embe iliyotiwa sukari zimo humo humo, hazina msamaha kwa kuwa zimetoka kwenye mti.

Kunywa maji, mwanangu. Maji hayajawahi kumnenepesha mtu.

Sikwambii uache nazi. Mtu wa Tanga akiacha nazi atabaki na nini? Wala sikwambii ugali ni adui. Ugali tumekuzwa nao. Lakini tuliula wa dona, wenye pumba na kiini chake, na ukishaula huo unakaa tumboni hadi jioni. Nyie mnakula sembe nyeupe iliyokobolewa ikabaki wanga mtupu, kilima kizima, na matembele kidogo ya kulainishia. Geuza. Mboga za majani zishike nusu ya sahani: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, mnafu. Robo iwe maharage, kunde, dagaa au samaki. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali au wali. Na ukishiba usimalize kwa aibu. Sahani iliyomalizwa kwa aibu haina thawabu.

Hata Ramadhani tumeigeuza. Mchana tunafunga, jioni tunalipiza: muhogo wa nazi, magimbi ya nazi, viazi vitamu, tambi za sukari, kaimati zinaogelea kwenye shira, uji wa pilipili manga wenye sukari, juisi ya ukwaju yenye sukari. Wanga juu ya wanga. Kisha saa tano usiku pilau, kisha daku. Nawajua watu wanaotoka mwezi mtukufu na kanzu haishuki tumboni. Futuru kwa tende na maji, uswali, kisha ule kwa utulivu aina moja ya futari badala ya tano. Hakuna sheikh atakayekulaumu. Shemeji yako aliyepika kaimati labda.

Lingine ni miguu. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, na nchi nzima vijana wakawa barabarani wanatembea kuunga mkono. Kwetu Tanga tulikuwa na baiskeli. Wanaume kwa wanawake, mtu anapakia mtoto mbele na kikapu cha samaki nyuma anakwenda zake. Hatukujua kwamba yale ni mazoezi. Leo mtoto wa darasa la nne anapelekwa na bajaji shule ambayo kengele yake inasikika nyumbani.

Sikuombi ukakimbie na wale wenye fulana za klabu alfajiri, ingawa ukitaka nenda, ni watu wazuri. Nakuomba utembee. Nusu saa, siku tano kwa wiki, mwendo wa mtu anayewahi basi. Shuka kituo kimoja kabla. Kazini ngazi ipo, lifti waachie wenye magongo.

Na ukikonda kidogo, nakuonya mapema, utaulizwa, "Vipi, unaumwa?" Utaulizwa na watu wanaokupenda, kwa sauti ya chini, wakikuvuta pembeni. Wengi wameacha safari hapo, kwa woga wa maneno. Jibu lako liwe tayari: "Siumwi, nimeamua." Wakinong'ona waache wanong'one, presha yako haisikii minong'ono.

Halafu dawa za mkato. Hapa nasema kwa ukali kidogo. Zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa kwa simu, nyingi ni za kuharisha tu. Kinachopungua ni maji. Nyingine zimekutwa zimechanganywa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi. Na kuna wasichana wanaokwenda njia ya pili, wanatafuta dawa za Mchina za kujaza makalio na mapaja. Baadhi ya vidonge hivyo vya kunenepesha ni deksamethasoni, dawa ya hospitali. Uso unavimba, binti anadhani amependeza; ndani sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inadhoofika. Akiviacha ghafla anaweza kuanguka kabisa. Mwambie dada yako mdogo, na umwambie nimesema mimi.

Wanaohitaji msaada wa hospitali wapo, na hakuna aibu. Pale hospitali ya Mloganzila wanaweka puto tumboni kwa wenye unene mkubwa, na siku hizi zipo sindano zinazotuliza njaa. Lakini puto hutolewa na sindano zikisimama njaa hurudi, kwa hiyo sahani na miguu vinabaki kuwa kazi yako. Hayo ni mambo ya kuongea na daktari ukiwa umeketi, si ya kununua kwa mtu aliyekutumia namba.

Usidhani nakutaka uwe mwembamba kama mimi. Marekani, mwaka 2002, walitoa matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa wakielekea kwenye kisukari. Kundi moja walilenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kisukari kwao kilipungua kwa asilimia 58, wakawashinda hata waliopewa vidonge, ambao walipungukiwa kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na kitu. Bado utakuwa na mashavu. Bado shangazi zako watapata pa kubana.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, sikupi mfungo wala ratiba ya ukutani. Soda iondoke wiki hii. Sukari ya chai ishuke kijiko kimoja, mwezi ujao kingine. Ulimi utalalamika kisha utazoea. Lala mapema, maana mtu asiyelala huamka na njaa ya uongo. Nyumbani kwako usinunue maboksi ya juisi kwa jina la mtoto. Na Jumamosi hii nenda kituo cha afya asubuhi kabla hujanywa hata chai, kwa sababu sukari ya damu hupimwa mtu hajala: ikifika 7 na kuendelea si mchezo tena, ni kurudi kupimwa tena na kuanza matibabu. Wakupime na presha. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, usiwaambie kwamba ni kwa sababu ulipanda ngazi. Wasipokuwa na futi ya kiuno, fundi cherehani jirani yako anayo.

Ukitoka nipigie simu, usiniandikie, herufi za simu yangu ni ndogo. Unisomee namba zote: presha, sukari, kilo, kiuno. Na usizipunguze, kwa sababu dada yako muuguzi nimeshamwambia aende na wewe.